Kuahirisha si Kuchelewesha: Historia ya Istilahi Moja ya Kurasa za Wavuti

Utangulizi

Katika kazi ya kuunda istilahi, neno geni kabisa halitusumbui sana. Neno la namna hiyo hujitangaza ugeni wake, na mfasiri hujihadhari nalo tangu mwanzo. Lenye hatari ni lile neno la kawaida ambalo wataalamu wamelitwaa na kulipa maana finyu kuliko ile inayojulikana na watu wote. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya neno moja la jamii hiyo, nalo ni neno la Kiingereza "defer", lililotoka katika Kilatini kwa njia ya Kifaransa. Katika HTML, yaani lugha ya kupangia kurasa za wavuti, neno hilo ni agizo kwa kivinjari kuhusu programu ndogo za JavaScript ambazo wajenzi huziita skripti.

Yafaa nikiri mapema kwamba nalieleza jambo hili kwa sababu niliwahi kulikosea. Miaka michache iliyopita uliletwa mezani kwetu mwongozo mfupi wa wajenzi wa tovuti ili tuupitie Kiswahili chake. Mfasiri alikuwa ameandika "chelewesha upakuaji wa skripti", nami nikaupitisha, maana sentensi ilikuwa fupi na sarufi yake haikuwa na dosari. Fundi kijana aliyeufuata mwongozo ule alifanya kama alivyoagizwa. Alizizuia skripti za fomu moja ya maombi zisianze kuletwa mpaka ukurasa uishe kuonekana na sekunde kadhaa zipite. Fomu ikafunguka upesi na kupendeza, lakini waombaji walioijaza haraka na kubonyeza kitufe cha kutuma hawakujibiwa lolote. Wengine walibonyeza mara tatu au nne, na wengine wakafunga simu zao wakiamini kwamba maombi yamekwisha kwenda. Tuliporudi kwenye matini ya asili tuliona kuwa haikutaja kuchelewesha upakuaji hata mara moja. Kosa halikuwa la fundi. Lilikuwa letu tulioshika kalamu.

Ili kulielewa kosa hilo, hapana budi tuifuate historia ya jambo lenyewe.

Ukurasa kabla ya programu

Wavuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, mjini Geneva. Pendekezo lake la kwanza aliliandika mwaka 1989, na kivinjari cha kwanza kikafanya kazi mwaka 1990. Ukurasa wa siku zile ulikuwa maandishi na viungo vya kumpeleka msomaji kwenye maandishi mengine. Kivinjari kiliusoma kutoka juu kwenda chini, kama asomavyo mtu, na hakikukuta njiani jambo lolote la kukisimamisha.

Mwishoni mwa mwaka 1994 kilitolewa kivinjari cha Netscape Navigator, ambacho sifa yake moja kubwa ilikuwa kuuchora ukurasa kwa kadiri ulivyokuwa ukifika, bila kungoja uishe wote. Umuhimu wa sifa hiyo twaweza kuupima kwa hesabu ndogo. Modemu iliyosifiwa sana wakati huo ilipitisha biti 28,800 kwa sekunde, yaani baiti 3,600. Picha moja ya baiti 36,000 ilihitaji sekunde 10 nzima. Mtu aliyeweza kusoma aya ya kwanza huku picha ikiendelea kufika alikuwa ameokolewa na kungoja kusikokuwa na faida. Tangu hapo kanuni ikawa imewekwa: mpe msomaji kilichopo, kisha endelea kuleta kilichobaki.

JavaScript yaingia

Mnamo Mei 1995 Brendan Eich, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Netscape, alitunga kwa siku 10 lugha ndogo ya programu ya kuwekwa ndani ya kurasa. Iliitwa kwanza Mocha, kisha LiveScript, na mwezi Desemba mwaka ule ule ikapewa jina la JavaScript. Watumiaji kwa jumla waliipata katika toleo la pili la Navigator, mapema mwaka 1996.

Lugha hiyo ilipewa uwezo ambao ndio mzizi wa historia yetu. Skripti iliruhusiwa kuandika maneno mapya katika ukurasa, mahali pale pale ilipo, wakati kivinjari kingali kikiusoma ukurasa huo. Mfano wake ni karani anayenakili hotuba ndefu. Katikati ya karatasi anakuta maelezo yasemayo: "Hapa muulize mwenye hotuba, atakutajia maneno ya kutia." Karani hawezi kuruka mahali hapo, kwa kuwa maneno atakayotajiwa yanaweza kubadili maana ya yote yanayofuata. Itambidi aweke kalamu chini, aende kuuliza, asubiri, aandike alichoambiwa, ndipo aendelee.

Kivinjari nacho kilifanya vivyo hivyo. Kilipokuta skripti kiliacha kusoma. Skripti ilipokuwa katika faili la pekee kwenye seva, kiliagiza faili hilo, kikalingoja lifike, kikalitekeleza, halafu kikarudi kwenye usomaji wake. Kwa kuwa desturi ya wajenzi ilikuwa kuziweka skripti kichwani mwa ukurasa, msomaji alitazama kioo cheupe mpaka zote ziishe. Hivyo ile kanuni ya 1994 ikavunjwa na kitu kilicholetwa ili kuunogesha ukurasa.

Ahadi ya mwaka 1997

Dawa ya kwanza ilipatikana mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1997 kivinjari cha Internet Explorer, toleo la 4, kilianza kuitambua sifa iitwayo "defer", na tarehe 18 Desemba mwaka huo sifa hiyo ikaingizwa katika HTML 4.0, iliyoidhinishwa na W3C, jumuiya inayosimamia viwango vya wavuti.

Inafaa tuitazame sifa hiyo kwa makini, maana wafasiri wengi huipita haraka. Kwa kuiandika, mjenzi wa ukurasa alikuwa akitoa ahadi. Alikiambia kivinjari kwamba skripti hii haitatia maneno yoyote katika hati wakati wa kusomwa, kwa hiyo hapana haja ya kusimama kwa ajili yake. Kwa ahadi hiyo kivinjari kilipata ruhusa ya kuendelea kusoma na kuchora. Faili la skripti liliweza kuletwa wakati ule ule, sambamba na usomaji. Kilichosogezwa mbele kilikuwa utekelezaji wake peke yake.

Basi tangu siku ya kwanza neno hilo lilibeba mambo mawili: kuleta sasa na kutenda baadaye. Tafsiri inayochukua moja na kuliacha jingine imeikata maana nusu.

Miaka ya kusahauliwa, na dawa ya mkiani

Kwa muda wa zaidi ya miaka 10 sifa hiyo haikutumiwa sana. Vivinjari vingine havikuitambua, na hata Internet Explorer yenyewe, mpaka toleo lake la 9, haikuaminika kulinda zamu ya skripti zilizoahirishwa: wakati mwingine ya pili iliweza kuanza kabla ya kwanza haijamaliza. Mjenzi ambaye skripti yake ya pili ilitegemea ya kwanza hakuthubutu kuitumia sifa hiyo.

Mwaka 2007 Steve Souders, aliyekuwa akishughulikia kasi ya tovuti katika kampuni ya Yahoo, alichapisha kitabu chake "High Performance Web Sites" chenye kanuni 14. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba asilimia 80 hadi 90 ya muda anaongoja msomaji hutumika upande wa kivinjari, baada ya hati yenyewe kutoka kwenye seva. Miongoni mwa kanuni zake ilikuwamo ya kuweka maelezo ya mitindo juu ya ukurasa, na nyingine ya kuweka skripti chini kabisa. Sababu ya kanuni hii ya mwisho ilikuwa wazi: vivinjari vingi vya wakati huo, vilipokuwa vikipakua skripti moja, havikuanza kupakua kitu kingine chochote.

Dawa ya mkiani ilienea upesi kwa kuwa ilifanya kazi katika vivinjari vyote na haikuhitaji ahadi yoyote. Hata hivyo ilikuwa na gharama yake. Kivinjari kilichosoma kutoka juu kwenda chini kiliiona skripti mwisho, na kwa hiyo hata kuiagiza kiliiagiza mwisho. Ukurasa ulionekana mapema, lakini vitufe vyake vilichelewa kupata uhai. Kati ya 2008 na 2009 vivinjari vikubwa vilipunguza hasara hiyo kwa kujipatia msomaji wa pili, ambaye hutangulia mbele ya yule wa kwanza aliyesimama, akitafuta mafaili ya kuagiza mapema.

Hapa ndipo mkanganyiko wa lugha ulipoanzia. Wajenzi walisema kwamba wame-"defer" skripti walipotumia sifa ya 1997, na wakasema vivyo hivyo walipozihamishia skripti mkiani, ingawa katika njia hii ya pili upakuaji nao ulisogezwa nyuma. Baadaye walipoanza kuziacha skripti bila kuziagiza kabisa mpaka zihitajike, wengine walilitumia neno lile lile. Neno moja likawa na matendo matatu chini yake. Mfasiri aliyesoma maandishi yao bila kuijua historia hii hakuwa na njia ya kubaini ni tendo gani lililokusudiwa.

Sifa mbili, desturi mbili

Firefox toleo la 3.5, lililotolewa Juni 2009, lilianza kuitambua sifa ya kuahirisha, na vivinjari vingine vikuu vikafuata. Januari 2010 toleo la 3.6 likaongeza sifa nyingine iitwayo "async", na zote mbili zikaelezwa kwa ukamilifu katika HTML5, iliyoidhinishwa tarehe 28 Oktoba 2014.

Tofauti ya sifa hizo mbili ndiyo inayostahili kukaririwa na kila mfasiri wa fani hii. Zote mbili huruhusu faili lipakuliwe huku ukurasa ukiendelea kusomwa. Skripti yenye "defer" hungoja mpaka hati imalize kusomwa, kisha hutekelezwa kwa zamu yake kama ilivyoandikwa, kabla kivinjari hakijatangaza kwamba usomaji umekamilika. Skripti yenye "async" hutekelezwa mara inapofika, hata ikibidi kuukatiza usomaji, na iliyotangulia kufika hutangulia kutenda. Ya kwanza yafaa kwa skripti zinazotegemeana. Ya pili yafaa kwa ile isiyomtegemea mwenziwe, kama skripti ya kuhesabu wageni wa tovuti. Na tangu mwaka 2017, vivinjari vilipoanza kukubali moduli za JavaScript, skripti ya aina hiyo huahirishwa bila kuandikiwa sifa yoyote. Ahadi ya 1997 imekuwa desturi.

Jambo hili katika viunzi

Siku hizi ni wachache wanaoandika ukurasa mzima kwa mikono yao. Wengi hutumia kiunzi, yaani mfumo wa programu uliokwisha jengwa, ambao mjenzi huuvika mandhari na kuuongezea programu-jalizi. Hapo ugumu huongezeka, kwa sababu kila programu-jalizi huja na skripti zake, na waliozitunga hawajuani.

WordPress ni mfano mzuri. Toleo lake la 2.8, la mwaka 2009, liliwapa watunzi njia ya kuagiza skripti iwekwe mkiani mwa ukurasa. Njia rasmi ya kuomba "defer" au "async" ilikuja katika toleo la 6.3, mwezi Agosti 2023. Katika miaka ile 14 ya katikati watu wengi walitia sifa hizo kwa hila zao wenyewe, na mara nyingi walivunja kurasa zao. Kosa lililojirudia lilikuwa la kuiahirisha maktaba mashuhuri ya jQuery, huku skripti fupi iliyoandikwa ndani ya ukurasa wenyewe ikiiita maktaba hiyo mara moja. Skripti iliyoandikwa ndani ya ukurasa haiahirishwi na sifa hiyo, kwa kuwa haina faili la kupakuliwa. Hivyo iliita, na maktaba ilikuwa bado haijaanza kutenda.

Njia ya 2023 iliyakumbuka makosa hayo. Mtunzi huomba skripti yake iahirishwe, lakini mfumo hutazama kwanza skripti nyingine zinazoitegemea. Ikiwa mojawapo haiwezi kungoja, ombi halitekelezwi, na skripti hupakiwa kwa njia ya zamani. Mfumo wa Drupal ulichukua njia nyingine: toleo lake la 8, lililotolewa Novemba 2015, huziweka skripti mkiani bila kuulizwa, na anayetaka yake iwe kichwani hulazimika kusema hivyo waziwazi. Mifumo yote miwili imelitambua jambo moja, kwamba kuahirisha ni suala la nani anamtegemea nani.

Istilahi zetu

Sasa turudi kwenye Kiswahili. Kwa tendo lile la kwanza tuna maneno mawili yanayoshindana, "kuchelewesha" na "kuahirisha", na mtu asiyejali huyaona kuwa ni mamoja. Matumizi ya kila siku hayakubaliani naye. Mshahara ukicheleweshwa, watu hulalamika. Kesi ikiahirishwa, hakimu hutaja tarehe. Kuchelewesha ni kukosa wakati uliotakiwa, na aghalabu kuna lawama ndani yake; kuahirisha ni kuweka wakati mwingine kwa kukusudia. Neno lenyewe limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuja nyuma au mwisho, mzizi ule ule uliotupa "ahera". Na kwa kuwa skripti yenye "defer" ina wakati wake uliotajwa, yaani baada ya hati kusomwa, "kuahirisha" ndilo neno lake.

Lakini neno sahihi likikosa mtendwa sahihi halitoshi. Anayeandika "ahirisha skripti" hajasema ni nini hasa kinachoahirishwa, na anayeandika "ahirisha upakuaji" amesema uongo. Kwa sababu hiyo twapendekeza istilahi kamili iwe "kuahirisha utekelezaji". Maneno mawili haya yangaliandikwa katika mwongozo ule niliousimulia, fundi wetu asingalizizuia skripti mlangoni.

Kwa "async" wako wanaopendelea kukopa neno zima. Tukizingatia kwamba tofauti yake kubwa na mwenziwe ni kutokulinda foleni, twapendekeza "utekelezaji bila zamu". Mwalimu anaweza kulieleza darasani kwa sentensi moja: aliyefika kwanza huhudumiwa kwanza, bila kujali jina lake liliandikwa wapi katika orodha.

Kwa tendo la tatu, la kutoiagiza skripti au picha mpaka msomaji aifikie, ilipendekezwa katika mjadala mmoja wa ofisini "upakuaji wa haja". Pendekezo hilo lilizua kicheko ambacho kila msemaji wa Kiswahili ataelewa sababu yake, nalo likaachwa. Tunaona "upakuaji wa wito" unafaa zaidi, kwa kuwa faili hukaa kwenye seva mpaka liitwe. Hapa ndipo upakuaji wenyewe unaposogezwa nyuma, na ni vema tofauti hiyo ionekane ndani ya jina.

Hatimaye, kwa dawa ya mkiani, hatuoni sababu ya kuunda istilahi. "Kuweka skripti mwishoni mwa ukurasa" ni maneno yanayojieleza, na si kila tendo lahitaji jina la pekee.

Hitimisho

Tumeona kwamba neno lililotafsiriwa kwa wepesi lilikuwa na ahadi ndani yake tangu mwaka 1997, kwamba lilisahauliwa kwa miaka mingi, likachanganywa na mbinu nyingine, na mwishowe likarudishiwa maana yake. Historia hiyo haimo katika kamusi ya kawaida. Mfasiri anapokutana na neno rahisi katika fani asiyoijua, yafaa amtafute fundi na kumwuliza maswali mawili: ni nini kinachotendwa, na ni nini kisichotendwa? Jibu la swali la pili ndilo nililolikosa siku ile.

Watumishi wa ofisi za umma wanaoandaa miongozo na zabuni za tovuti wanaombwa wazijaribu istilahi hizi tatu katika maandishi yao, na walimu wazijaribu mbele ya wanafunzi wao. Zitakazokwama ulimini au kuleta utata tungependa kuzisikia, pamoja na mahali zilipokwama, kabla hazijaingia katika orodha inayofuata. Waombaji wa fomu ile walikwisha lipa gharama ya neno moja lililopitishwa bila kuulizwa. Isiwapate wengine.